Flashi ya Linux Mint haibuti kwenye EliteBook 840 G3, F9 inaonesha Windows peke yake

karafuu_wete

Assalaam alaykum.

Laptopu ni HP EliteBook 840 G3: i5-6300U, RAM GB 8, SSD ya SATA GB 256. Mna Windows 10 Pro ambayo haina tatizo. Nataka kuipiga Linux Mint ubavuni mwa Windows, si badala yake, maana mna kazi za skuli ambazo hazitakiwi kuguswa.

Faili ni ISO (nakala nzima ya mfumo ndani ya faili moja) ya Linux Mint 21.1 Cinnamon ya biti 64. Sikulishusha mwenyewe, nimekopiwa. Nimeliandika kwa Rufus kwenye flashi ya GB 16: GPT, "UEFI (non CSM)", FAT32, na Rufus ilipouliza nikachagua "ISO Image mode". Ilimaliza bila kulalamika, na ndani ya Windows flashi inafunguka, mna mafolda ya EFI, boot na casper.

Nikizima, nikawasha na kubonyeza F9, orodha ina "Windows Boot Manager" tu, flashi haimo. Nikaingia F10 (mipangilio ya BIOS) nikawasha Legacy, ile njia ya zamani ya kubuti. Hapo flashi ikaonekana, lakini nikiichagua kwenye sehemu ya Legacy napata maandishi kwamba imetengenezwa na Rufus na haiwezi kubuti kwa njia hiyo. Nimerudisha kama ilivyokuwa: Legacy imezimwa, Secure Boot imewashwa.

Matundu yote ya USB nimeshajaribu. Nianzie wapi? Niiandike upya kwa MBR?

mwana_chake

Waalaykum salaam. Jibu umelitaja mwenyewe, maalim. GPT ndiyo iliyokukwamisha. Andika upya kwa MBR, washa Legacy, itabuti.

bi_tunguu

@mwana_chake itabuti, lakini itamfikisha pabaya. Windows yake imekaa kwa UEFI, njia mpya ya kubuti, ndiyo maana F9 inaandika "Windows Boot Manager". Akiipiga Mint kwa Legacy kwenye diski hiyo hiyo ya GPT, kwanza GRUB (programu inayoiwasha Linux na kukupa menyu ya mifumo) itadai patisheni yake ndogo ya MB 1 ya aina ya bios_grub, na asipoitengeneza haitakaa. Pili, hata ikikaa, GRUB ya Legacy haiwezi kuiita Windows ya UEFI. Kila akitaka kuhama mfumo mmoja kwenda mwengine itambidi aingie F10 kuwasha na kuzima Legacy. Huo si ubavuni, huo ni ukuta katikati ya nyumba.

Na hili la MBR na GPT, yale majedwali mawili ya kupangia patisheni, limezoeleka kusemwa ovyo. UEFI haijali sana flashi ina jedwali gani. Inachotafuta ni patisheni ya FAT na ndani yake faili `\EFI\BOOT\BOOTX64.EFI`. Likiwemo, inabuti, iwe MBR au GPT. Maalim, ifungue flashi ndani ya Windows ulithibitishe hilo faili. Kama limo, usiandike upya kitu chochote kwanza.

Kabla hujagusa tena F10, hakikisha BitLocker, kufuli la Windows linaloificha data ya diski. Kwenye Windows Pro huenda imewashwa na hujui, na ukibadilisha Secure Boot (ukaguzi wa saini kabla ya mfumo kuwaka) bila kujiandaa, Windows itakudai ufunguo wa tarakimu 48. Fungua CMD kama Administrator:

`manage-bde -status C:`

Ikisema "Protection Off", endelea. Ikisema "Protection On", toa ufunguo uuandike kwenye karatasi (si kwenye laptopu hiyo hiyo!), halafu isimamishe kwa muda:

`manage-bde -protectors -get C:`
`manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0`

Hiyo 0 maana yake ibaki imesimama mpaka wewe mwenyewe uirudishe kwa `-enable`. Bila ya hiyo inajirudisha ukizima na kuwasha mara moja tu.

Sasa F10, Advanced, Boot Options. Toa tiki kwenye "Fast Boot", kwa sababu ikiwa imewashwa BIOS inaruka kuzikagua USB ili iwahi kuwaka. Halafu tazama "USB Storage Boot". Kompyuta nyingi za aina hii zinazouzwa mtumba zimetoka maofisini ng'ambo, na maofisi huzima kubuti kwa USB makusudi. Weka tiki, hifadhi, kisha F9 tena. Legacy iache imezimwa.

FundiMlandege

Bi Tunguu ameshamaliza. Naongeza la mikono tu. Ikiwa bado haionekani, usipitishe flashi kwenye habu, ichomeke moja kwa moja, na umulike tochi ndani ya tundu. Hewa yetu ina chumvi, vile vibati vya shaba vinaota ukungu wa kijani. Windows inaweza kuisoma flashi baada ya kurudia mara kadhaa, BIOS haina subira hiyo. Zima, chomoa chaja, sugua kwa mswaki laini uliochovywa spiriti, acha ikauke nusu saa. Si manukato wala si mafuta ya cherehani, tafadhali.

Kama F9 inakupita kwa kasi, ndani ya Windows shikilia Shift ubofye Restart, kisha "Use a device".

karafuu_wete

Ahsanteni. BitLocker: Protection Off. BOOTX64.EFI limo. "USB Storage Boot" kweli haikuwa na tiki. Nimeiweka, Fast Boot nimeizima, na flashi sasa imo kwenye F9 upande wa UEFI.

Lakini nikiichagua, skrini inakuwa nyeusi, inaandika:

`Verifying shim SBAT data failed: Security Policy Violation`
`Something has gone seriously wrong: SBAT self-check failed: Security Policy Violation`

Baada ya sekunde chache inajizima yenyewe.

FundiMlandege

Umeshavuka hatua, yakhe. Mwanzo BIOS ilikuwa haiioni flashi. Sasa imeiona, imelifungua BOOTX64.EFI, imelisoma, na imelikataa. Flashi yako haina kosa hapo. Tatizo ni umri wa faili la Mint.

Ndani ya Mint, hiyo BOOTX64.EFI ni programu ndogo inayoitwa shim. Imetiwa saini na Microsoft ili Secure Boot ikubali kuipitisha, na yenyewe ndiyo inayoiita GRUB. Kila shim ina namba ya kizazi ndani yake, na kompyuta inaweka orodha ya vizazi vya chini kabisa inavyovikubali. Orodha hiyo ndiyo SBAT. Sasisho la Windows la Agosti 2024 liliipandisha, kwa sababu ya tundu la usalama lililogunduliwa kwenye GRUB (CVE-2022-2601). Mint 21.1 ni ya Desemba 2022, shim yake ni ya kizazi kilichopigwa marufuku.

Orodha imeandikwa kwenye kumbukumbu ya ubao wenyewe, si kwenye diski. Kwa hivyo asije mtu akakwambia ubadilishe SSD au ufute Windows. Ungebaki na katazo lile lile na huna Windows.

Njia ni mbili. Ya haraka: F10, Advanced, Secure Boot Configuration, chagua "Legacy Support Disable and Secure Boot Disable". Soma vizuri, ziko tatu zinazofanana, nawe unataka ile yenye Disable mbili. Ukihifadhi na kuwaka upya itakuonesha namba ya tarakimu 4. Ziandike kisha Enter. Ukibonyeza Esc mabadiliko yanafutwa, na watu wengi hukwama hapo wakidhani BIOS imegoma.

Ya pili, ambayo ndiyo ningeifanya mimi: tafuta Mint mpya, 22.1 au ya baada yake, uache Secure Boot imewashwa.

mwana_chake

Kuna amri ya kuifuta hiyo SBAT, `mokutil --set-sbat-policy delete`. Si afadhali kuliko kushusha karibu GB 3?

bi_tunguu

Ipo, na inafanya kazi: unazima Secure Boot, unawaka kwenye Linux, unaitoa kwa sudo, unawaka tena kwenye Linux, halafu ndipo unawasha Secure Boot. Lakini ni kuifungua milango ya kompyuta yenye matokeo ya wanafunzi kwa sababu ya faili la zamani. Inamfaa mtu ambaye Linux yake imeshakaa siku nyingi na sasisho la Windows likamfungia nje. Maalim bado hajaweka kitu.

Kwa leo, maalim, zima Secure Boot uone flashi inafika wapi. Tujue kama kuna jengine nyuma yake kabla hujatumia bando.

karafuu_wete

Lipo jengine.

Nimezima Secure Boot, namba 4 nimeziandika. Menyu ya GRUB imetokea, nimechagua mstari wa kwanza wa Mint, nembo imekuja. Baada ya dakika moja hivi nembo ikaondoka, ikateremka mistari mingi ya `SQUASHFS error: Unable to read`, namba zinabadilika, mwisho ikaganda. Nimejaribu "compatibility mode", ni yale yale. Nitie nomodeset?

FundiMlandege

Hapana. nomodeset ni ya skrini nyeusi baada ya GRUB, pale keneli (kiini cha Linux) inapogombana na kadi ya picha. Intel HD 520 haina ugomvi huo, na wewe maandishi unayaona. Ikija siku ukaihitaji kwenye mashine nyengine: kwenye menyu ya GRUB bonyeza `e`, nenda kwenye mstari unaoanza na `linux`, andika `nomodeset` kabla ya `---`, kisha F10.

Chako ni data iliyooza. Keneli imewaka, imeipata flashi, imelifungua lile faili kubwa `filesystem.squashfs` ndani ya casper, ambamo Mint nzima imebanwa, na katikati yake kuna vipande visivyosomeka. Ama faili la ISO lilikuwa bovu tokea ulipokopiwa, ama flashi imeliandika vibaya. Anza na ISO, ni rahisi kuliko vyote. CMD, kwenye folda lenye faili:

`certutil -hashfile linuxmint-21.1-cinnamon-64bit.iso SHA256`

Itatoa herufi na namba 64, ndiyo alama ya kidole ya faili. Linganisha na zile zilizo kwenye `sha256sum.txt` ya toleo hilo, kwenye ukurasa wa Linux Mint wenyewe. Usilinganishe na ya aliyekukopia, naye anaweza kuwa amerithi ubovu.

mwana_chake

Au flashi feki. Siku hizi zimejaa, imeandikwa 64 ndani mna 8.

FundiMlandege

Zimejaa kweli, lakini hesabu haikubali hapa. Flashi feki inaharibu pale data inapovuka ukubwa wake wa kweli. Faili lisilofika GB 3 linaingia hata kwenye ile ya 8. Feki inamkamata mwenye Ventoy (programu ya kubebea ISO nyingi kwenye flashi moja) aliyetia ISO kumi: tano za mwanzo zinabuti, za nyuma zinatoa SQUASHFS. Ukitaka kuipima iliyo yako, Windows tumia H2testw, Linux tumia `f3write` kisha `f3read`. Ijaze flashi yote, usipime robo yake.

karafuu_wete

Hazilingani. Ukubwa wa faili ni sawa sawa na unaotakiwa, lakini SHA256 ni tofauti kabisa, tokea herufi ya kwanza.

bi_tunguu

Tofauti tokea herufi ya kwanza haina maana kwamba faili lote ni bovu. SHA256 ndivyo ilivyo, biti moja ikibadilika hesabu yote inageuka. Na kwa vile ukubwa umetimia, Rufus haikuwa na la kukuonya. Faili likiwa limekatika hulitambua na kukwambia kuna data inayokosekana, lakini lililooza katikati halioni. Kwa kawaida hutokana na flashi iliyochomolewa kabla data haijamaliza kuandikwa, au flashi iliyochoka.

Faili la namna hii linatibika bila kulishusha upya. Chukua faili la torrent la toleo hilo hilo kwenye ukurasa wa Mint, lifungue kwa qBittorrent, ielekeze kwenye folda ambamo ISO yako imo kwa jina lile lile, kisha "Force recheck". Italikagua kipande kwa kipande na kushusha vile vilivyooza tu. Mara nyingi ni MB chache.

Lakini nafasi hiyo ningeiacha ipite. Mint 21.1 hata ukiiponya itakudai masasisho ya muda mrefu mara tu utakapoiunganisha na intaneti, na bando litakwenda huko huko, huku Secure Boot bado imezimwa. Shusha 22.1 au ya baada yake. Tawi la 22 linapata masasisho ya usalama mpaka 2029.

Kwa kushusha, usitumie brauza kama mtandao wako unakatika. Windows 10 ina curl ndani yake:

`curl.exe -L -C - -O kiungo-cha-faili`

Ile `-C -` inaiambia iendelee pale ilipoishia. Ikikatika, rudia amri ile ile ndani ya folda lile lile. Na uandike `curl.exe` hivyo hivyo, kwa sababu ndani ya PowerShell ya Windows 10 neno `curl` peke yake linaita amri nyengine isiyojua `-C`. Ikimaliza, certutil kwanza, Rufus baadaye.

mwana_chake

Debian netinst je? Ni ndogo, haifiki GB moja.

FundiMlandege

Ni ndogo kwa sababu haina kitu ndani. Dawati lote inalishusha wakati wa kusakinisha, na mtandao ukikatika katikati unabaki na skrini nyeusi ya maandishi. Kwa Wete na bando la simu, bora GB 3 zilizokaguliwa ukazimaliza siku moja.

karafuu_wete

Nimeshusha 22.1, usiku mara mbili. SHA256 imelingana. Nimeirudisha Secure Boot, nimeiandika flashi upya kwa Rufus, na imebuti moja kwa moja mpaka kwenye dawati la Mint. Hakuna SBAT, hakuna SQUASHFS.

Sasa kabla sijabofya "Install Linux Mint", nini cha kuchunga ili Windows isiumie?

bi_tunguu

Kwanza toka, rudi Windows. Kopi za kazi za skuli zitie kwenye diski nyengine, halafu uichomoe diski hiyo. Kisha CMD kama Administrator:

`powercfg /h off`

Windows 10 ukibofya "Shut down" haizimi kikamilifu, inalala ikiwa imeshikilia diski. Ukigusa patisheni yake ikiwa katika hali hiyo, ama Mint itakataa kuiandika ama utaiharibu. Amri hiyo inaondoa ugonjwa huo na inakurudishia nafasi ya `hiberfil.sys`.

Nafasi ya Mint ikate kutokea Windows yenyewe: Disk Management, bofya C: kwa kitufe cha kulia, "Shrink Volume". GB 60 zinatosha kwa kazi za kawaida. Mint wanasema chini kabisa ni 20, lakini 20 zinajaa haraka. Nafasi uliyoikata iache hivyo hivyo tupu, usiiformati.

Chomeka chaja na betri iwe imejaa. Umeme ukikatika wakati patisheni zinapangwa hutaki laptopu inayotegemea ukuta.

Ndani ya Mint fungua teminali:

`ls /sys/firmware/efi`

Ikitoa orodha, umebuti kwa UEFI na mambo ni sawa. Ikisema haipo, simama, umebuti kwa Legacy. Kisha `lsblk -f` uone diski zako: SSD itakuwa `sda`, flashi `sdb`. Patisheni ya `vfat` ya MB 100 hivi kwenye `sda` ndiyo ya EFI.

Anza kusakinisha. Ukiona "Install alongside Windows Boot Manager" unaweza kuichagua, lakini ile ya "Something else" inakuonesha kila kitu unachogusa. Kwenye nafasi tupu tengeneza patisheni moja ya ext4, mount point `/`. Ile ya EFI ya Windows itumie kama "EFI System Partition", na kisanduku cha kuformati kisiwe na tiki. Hapa ndipo watu wanapoiua Windows. MB 100 zinatosha mifumo miwili, GRUB inakula chache tu. Patisheni ya swap huhitaji, Mint inatengeneza faili.

FundiMlandege

Na "Device for boot loader installation" iwe `/dev/sda`, si `sdb`. Ikiwa `sdb`, inaweza kukuwekea GRUB ndani ya flashi, na siku ukiichomoa flashi laptopu itatafuta kitu kilichoko mfukoni mwako.

karafuu_wete

Imesakinishwa bila kosa. Nimeambiwa nichomoe flashi nibonyeze Enter, nimefanya hivyo, na laptopu ikaingia Windows kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwenye F9 hakuna Mint. Kuna "Windows Boot Manager" na kitu kinaitwa "ubuntu", sijui kimetoka wapi.

FundiMlandege

Ndiyo Mint hiyo. Imejengwa juu ya Ubuntu, na GRUB yake inajiandikisha kwa jina hilo. Chagua "ubuntu" kwenye F9, itawaka. Ili iwe ya kwanza daima: F10, Advanced, Boot Options, UEFI Boot Order, ipandishe juu ya "Windows Boot Manager", hifadhi. Au ukiwa ndani ya Mint:

`efibootmgr`

Soma namba ya ubuntu, tuseme `Boot0003`, na ya Windows, tuseme `Boot0000`, kisha:

`sudo efibootmgr -o 0003,0000`

Ikitokea siku BIOS ikaisahau kabisa, huhitaji kusakinisha upya. Buti kwa flashi, tazama namba ya patisheni ya EFI kwa `lsblk -f` (kwenye Windows 10 mara huwa ya 1, mara ya 2), halafu:

`sudo efibootmgr -c -d /dev/sda -p 1 -L Mint -l '\EFI\ubuntu\shimx64.efi'`

Alama za nukuu usizisahau, bila ya hizo teminali inakula mikwaju yote ya njia.

Na kama GRUB ikija bila ya Windows ndani yake, ongeza `GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false` kwenye `/etc/default/grub`, kisha `sudo update-grub`.

karafuu_wete

Imekaa. GRUB inakuja yenyewe, Mint na Windows zote zinawaka, Secure Boot imewashwa, mafaili ya skuli yako salama.

La mwisho: nikitoka Mint nikaingia Windows, saa inarudi nyuma. Betri ya CMOS?

bi_tunguu

Betri ikifa tarehe inarudi miaka nyuma, si masaa. Kama imerudi masaa 3 barabara, Mint imeiandika saa ya ubao kwa UTC (saa ya dunia, iliyo nyuma ya yetu kwa masaa 3), na Windows inaisoma kama ndiyo saa ya hapa kwetu. Ikiwa Windows inakwambia saa kumi na moja jioni na huku isha imeshaadhiniwa, ni hiyo. Ndani ya Mint:

`timedatectl set-local-rtc 1`

Kisha ingia Windows uirekebishe saa mara moja, na usiiguse tena.